Dada Hana Kwao

Nyakanazi,
3 Machi 2025

Mdogo wangu Pancras,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu Deodata na watoto wote. Natumaini mnaendelea vizuri na upepo wa mvua hizi haujawaangushia migomba. Mimi hapa ni mzima, kasoro magoti, nayo nimeyazoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka sita. Ningekupigia, lakini mara ya mwisho tuligombana kwenye simu mpaka salio likaisha, ukadhani nimekukatia kwa makusudi. Karatasi haina salio. Barua hii nampa Danstan, kondakta wa basi la Ngara, ataiacha dukani kwa Abeli na wewe ukienda kununua chumvi utaikuta.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Malongo, mwenye nyumba ninayopanga, ameuza kiwanja. Vyumba vyote vinavunjwa, panajengwa kituo cha mafuta. Kingine tena! Ametupa mpaka mwisho wa Aprili. Unajua nimekaa hapo tangu Pius wangu afariki, miaka kumi na minne, nalala nyuma na kupika mbele, madereva wanakula wali maharage wanaendelea na safari. Nimezunguka njia panda yote kutafuta chumba kingine. Kila mwenye chumba anataka mgeni wa kulala siku moja aondoke asubuhi. Mama wa miaka sitini na tatu anayelipa kwa mwezi, tena kwa kuchelewa, hawamtaki.

Sasa halmashauri imejenga vyumba vya bei nafuu nyuma ya soko, kwa mapato yake yenyewe, ili watu wanaoondolewa wasije wakalala nje. Wazee wasio na pengine pa kwenda wanatangulia. Alikuja binti wa ustawi wa jamii, anaitwa Joyness, akakaa kwenye benchi langu na fomu yake. Aliuliza umri, akauliza mume, akauliza watoto, nikamwambia sikujaliwa. Halafu akaniuliza, "Mama, kwenu ni wapi?"

Pancras, wewe ungejibu nini? Mimi nilinyoosha mgongo nikasema, "Kwetu Murukulazo, Ngara. Mimi ni binti wa mzee Havyarimana." Akauliza, "Na kwenu kupo mpaka leo?" Nikajibu, "Kupo sana. Mdogo wangu yupo pale." Yaani nilijibu haraka, na kwa maringo. Nani mwenye akili zake anayejibu kwamba kwao hakupo? Kwa Kihangaza chetu hata sijui ningelisemaje.

Binti akaandika. Wiki iliyofuata orodha ikabandikwa ofisi ya kata, jina langu limepigwa mstari, na pembeni pameandikwa: Ana makazi Ngara.

Nikaenda kumweleza. Akasema, "Mama, mimi nilitaka kujua kama una mahali pa kwenda." Nikamwambia hukuniuliza hivyo mwanangu, uliniuliza kwetu ni wapi. Akacheka, na mimi nikacheka, lakini mstari haukufutika. Ameniambia nilete barua ya ndugu aliyepo huko, yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji, ya kuthibitisha kwamba sina nyumba wala kiwanja Murukulazo. Iwe imefika kabla ya tarehe 25 Aprili.

Ndugu niliyebaki naye ni wewe. Niandikie. Mistari miwili inatosha.

Dada yako,
Melania


Murukulazo,
19 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Deodata anakusalimu, anasema magoti uyachue kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto. Migomba imesimama, maharage yanaanza kutoa maua, na mbuzi amezaa mapacha.

Nilifurahi kupata barua yako mpaka nikamwambia Abeli anipatie rubisi yake ya ndizi kidogo nisomee. Nilipofika katikati rubisi iligeuka maji.

Dada, ni ofisi gani hiyo inayomtaka mtu amkane dada yake kwa maandishi, tena na muhuri? Huyo binti Joyness ni mtoto wa watu, simlaumu, amesoma, lakini kuna mambo hayaandikwi. Shuleni tulifundishwa kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Sasa mimi nikuandikie utumwa wako kwa mkono wangu?

Suluhisho ni rahisi. Njoo nyumbani. Milango iko wazi, chumba cha mama kipo vilevile. Njia panda si mahali pa kuzeekea. Malori usiku na mchana, vumbi, watu usiojua walikotoka. Huku utapumzika, utaota jua, wajukuu zangu watakuchotea maji.

Nimeongea na shangazi Speciosa. Amesema neno kama hilo likitoka kwenye ukoo halirudi.

Kwa hiyo, barua hiyo, dada, nisamehe, siwezi. Niambie tu siku ya kuja nikupokee kwa Abeli.

Mdogo wako,
Pancras


Nyakanazi,
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Pancras,

Salamu. Magoti nimeyachua kama wifi alivyosema, nanuka nyonyo mpaka madereva wanauliza nimepika nini. Mshukuru. Hongereni kwa hao mapacha.

Barua yako ni nzuri. Ulikuwa hodari wa insha tangu darasa la nne. Lakini nimechoka, Pancras, kwa hiyo mimi nitaandika bila insha.

Chumba cha mama unakijua na mimi nakijua. Tulipomzika mama nilikiingia kuchukua kanga yake moja, nikakuta magunia ya kahawa mpaka dirishani. Hayo hata hayakuniuma, nyumba ina matumizi. Kilichoniuma nilikikuta nilipoteremka kwenda kunawa mtoni. Sehemu ya chini ambayo baba alinipa mimi, mbele ya wazee na wewe ukiwepo, ulikuwepo Pancras, ulishika jembe la kuwekea mpaka, niliikuta imechimbwa msingi. Nikamuuliza fundi, hii ya nani? Akasema ni ya Clever, mtoto wa Pancras, anaoa mwezi wa nane.

Sikukuuliza kitu. Ulikuwa msiba wa mama. Nilipanda pikipiki ya kwanza nikarudi zangu, na tulipokuja kugombana kwenye simu tuligombania sufuria za mama, si shamba. Miaka sita nimekaa na jambo hili, na huku kila anayeniuliza namwambia kwetu kupo.

Sasa unisikilize vizuri. Shamba silidai. Clever ana watoto pale, nimwondoe aende wapi, aje huku na yeye apange foleni kwa Joyness? Silidai. Nataka kitu kimoja tu, uandike ukweli ambao tayari umeshaufanya. Methali yako inasema mkataa kwao. Mimi sikukataa. Na kuja kukaa juu ya magunia ya kahawa, nimuombe Deodata ruhusa ya kuwasha moto, kila asubuhi nipite nyumbani kwa Clever nikienda mtoni, hapana. Huko nitakuwa mgeni asiyeondoka.

Malongo ameanza kuezua vyumba vya upande wa pili. Tarehe 25 haiko mbali.

Dada yako,
Melania


Murukulazo,
17 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi tupo.

Barua yako nimeisoma. Kuhusu sehemu ya chini, ni kweli. Clever alikuwa anaoa, wakwe walitaka kuona msingi, na wewe ulikuwa mbali miaka mingi bila mtoto wa kurithi. Niliwaza nitakueleza siku tukikaa vizuri. Siku hiyo haikuja. Deodata anasema niache kujitetea, basi naacha.

Nimekwenda kwa mtendaji. Nimeandika barua, na muhuri amegonga. Imo humu ndani. Nimejaribu kusema ukweli kwa namna ya heshima, ili wewe upate chumba na ukoo usipate aibu. Iangalie:

"Kwa yeyote anayehusika. Mimi mkazi wa kijiji hiki nathibitisha kwamba dada yangu ana kwao hapa Murukulazo, tena pazuri, ila kwa sasa shughuli zake zimemfanya asikae huku. Naomba asaidiwe."

Naamini mtu mwenye busara ataelewa.

Mdogo wako,
Pancras


Nyakanazi,
7 Mei 2025

Pancras,

Salamu kwenu wote.

Barua yako ya heshima niliipeleka. Sikuwa na nyingine. Joyness aliisoma kimya, halafu akaisoma kwa sauti mwenzake wa meza ya pili asikie. "Ana kwao, tena pazuri." Mwenzake akasema huyu mama ana bahati. Joyness hakucheka safari hii. Alinishika mkono akasema, "Mama, kaka yako anakupenda, lakini hajakusaidia." Nikamwambia ni mdogo wangu, si kaka. Sijui kwa nini niliona hilo ndilo la kusahihisha.

Orodha imetoka. Simo. Wenzangu waliomo wanalipiwa hata pango la miezi mitatu wakati vyumba vinamaliziwa rangi, wamehamia kwa muda kwenye nyumba za upande wa zahanati. Mimi Malongo aliniongezea siku mbili kwa ajili ya umri wangu, na ya tatu akatoa bati. Hakunitukana, hata aliniomba radhi kwa Kiswahili chake kile cha Kisukuma. Lakini bati alitoa.

Sasa nalala kwenye kibanda changu cha chakula kando ya barabara, nje ya kiwanja cha Malongo. Naunganisha meza mbili, juu natandika godoro. Kina paa, ukuta kina wa upande mmoja tu. Kabla wateja hawajaja nalikunja godoro nalificha chini ya benchi, maana mtu akijua mpishi analala juu ya meza hatakula juu ya meza hiyo. Mvua ikija ya upande wa barabara nahamia upande wa jiko.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye orodha amechukuliwa na mwanawe Geita. Chumba chake kimebaki wazi. Joyness amesema atakishikilia mpaka mwisho wa Mei, baada ya hapo wakubwa wake watakigawa.

Sitakuomba tena. Mtu anayeomba mara tatu anakuwa kero, na mimi sipendi kuwa kero kwa mtoto niliyemfundisha kuandika herufi a. Usipoandika nitaelewa. Nitakuwa na hasira, lakini nitaelewa.

Melania


Murukulazo,
23 Mei 2025

Dada,

Shikamoo.

Sijakuandikia wiki mbili, na wewe huenda umeshanifuta. Nitakueleza nilichofanya.

Nilipopata barua yako nilijisemea dada anatia chumvi. Nikakata mkungu wa ndizi, nikapanda lori la ndizi la Kahama, nia yangu nikubebe nikurudishe nyumbani utake usitake. Tukafika Nyakanazi kunapambazuka. Nikashuka upande wa kituo cha mafuta cha zamani, nikaagiza chai kwanza nipate nguvu ya kugombana na wewe. Ndipo nikakuona ng'ambo ya barabara. Ulikuwa umepiga magoti kwenye tope unasukuma godoro chini ya benchi. Ulilisukuma, likarudi, ukalisukuma tena. Halafu ukajifuta mikono, ukafunga kanga vizuri, ukaanza kumwambia dereva mmoja karibu baba, chai ipo.

Dada, sikuweza kuvuka. Chai yangu niliiacha mezani. Mkungu nilimpa mama anayeuza vocha pale, nikamwambia akupe, aseme umetoka kwa dereva. Nikapanda basi la kurudi. Njia nzima nililia, abiria mwenzangu akanipa pole ya msiba na mimi nikaipokea.

Nyumbani niliita kikao. Nilisema naandika. Wazee walikataa kuweka sahihi hata mmoja. Shangazi Speciosa aliniambia mbele ya watu kwamba aliyeandikwa hana kwao hawezi kurudishwa hata akiwa maiti, kwa hiyo nijue tangu leo nimeshakuzika barabarani. Clever alitaka kusema kitu, nikamzuia, kosa si lake. Nimeandika peke yangu. Mtendaji aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Shahidi ni Deodata.

Barua yenyewe imo humu ndani, na nakala yako ni hii:

"Mimi Pancras Havyarimana, mkulima wa Murukulazo, nathibitisha kwamba dada yangu Merania Havyarimana hana nyumba, hana shamba, na hana kwao hapa kijijini. Sehemu aliyopewa na marehemu baba yetu niliichukua mimi nikampa mwanangu, bila kumuuliza. Hana pa kurudi, na aliyesababisha ni mimi. Naomba apewe chumba."

Sasa niambie kitu kimoja kwa sababu sipati usingizi. Siku Mungu akikuita, tutakupeleka wapi?

Mdogo wako,
Pancras


Nyakanazi,
15 Juni 2025

Mdogo wangu Pancras,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Deodata, shahidi. Mwambie magoti yanaendelea vizuri, na kwamba sahihi yake ni nzuri kuliko yako.

Chumba nimepata. Ni cha tatu kutoka bomba la maji. Kina mlango wa mbao, dirisha moja, sakafu ya saruji, na nimekiingia tarehe sita. Pango analimudu mtu anayeuza wali. Siku ya kwanza nililala mpaka saa mbili asubuhi na madereva wakaondoka na njaa. Wenzangu waliniambia nilikoroma.

Kuhusu siku ile uliyokuja, nilikuona. Nilikuona kabla wewe hujaniona, unashuka na mkungu begani na lile koti la baba. Mwanzoni nilitaka kukuita. Halafu hasira ikanishika, nikasema ngoja. Lile godoro huwa linaingia mara moja. Nililirudisha nje kwa mguu nikalisukuma tena ili uone vizuri. Unisamehe. Nilingoja uvuke, na ulipoondoka niliona nimekukomoa na nimejikomoa mwenyewe. Ndizi nilizipika, hakuna dereva aliyeonja hata moja.

Kuhusu kunizika, usikose usingizi kwa hilo. Wewe na shangazi mnahangaika mtanilaza wapi nikifa. Mimi mwaka huu wote nimehangaika nilale wapi nikiwa hai. Hapa kuna makaburi ya parokia, yako upande wa kilima, na majirani zangu wa sasa ni watu wa kila mahali, wanazikana. Siku hiyo utakuja kama mfiwa, utapewa kiti.

Lakini sikukuambia ilivyokuwa ofisini. Joyness alisoma barua yako peke yake, safari hii hakumsomea mtu. Alipomaliza akaiweka mezani. Nilidhani imekwisha, kumbe akachukua kitambulisho changu cha taifa, akalinganisha, akasema, "Mama, kuna tatizo. Kitambulisho kinasema Melania. Kaka yako ameandika Merania. Huyu Merania ni nani?"

Pancras, nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, miguu imevimba, chumba kimebaki kimoja, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia, "Ni mimi huyo huyo, mwanangu. Ndivyo wanavyoniita kwetu."

Nilipolisikia neno limeshatoka. Tulitazamana. Kalamu yake ilikuwa juu ya ile sehemu ya fomu inayouliza kwetu ni wapi, na barua yenye muhuri iko katikati yetu inasema kwetu hakupo. Nilifikiri nimejimaliza mara ya pili kwa neno lile lile. Joyness aliangalia chini, akaandika majina yote mawili, akaweka alama ya mkwaju katikati, akagonga muhuri. Akaniuliza kama nataka nakala ya barua. Nikasema ibaki huko huko kwenye faili, mimi nimeshaisoma.

Njooni wewe na Deodata kabla mavuno hayajawabana. Uliza vyumba vya halmashauri nyuma ya soko, chumba cha tatu kutoka bombani. Kitanda ni kimoja, wifi atalala na mimi, wewe kuna mkeka. Uje mchana, maana asubuhi nipo kibandani.

Dada yako,
Merania